Uji hautoshi: mlo wa anayepona upasuaji wa kupunguza uzito

Saa ya kuwaona wagonjwa ikifika, ndugu huingia wodini na hotpoti ya mtori, chupa ya uji na bakuli la supu ya kongoro. Ndivyo tunavyowauguza watu wetu: mgonjwa apewe kitu laini, cha moto, apate nguvu. Lakini aliyelala kitandani safari hii amekatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili apungue uzito, na karatasi aliyopewa na mtaalamu wa lishe inasema protini kwanza, wanga baadaye, asinywe huku akila, ameze vitamini maisha yake yote. Simuni, rafiki aliyewekewa puto anamwambia alirudi kwenye wali ndani ya wiki mbili. Jamaa aliyefanyiwa upasuaji India anamkataza maziwa. Mwingine anamwapia kwamba ugali ndio basi tena.

Kila mmoja wao anaweza kuwa anasema kweli, kwa upasuaji wake na kwa wakati wake. Shida ni kwamba maswali matatu yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni la mshono: chakula kiwe laini kiasi gani, kwa muda gani, ili jeraha la ndani lipone. La pili ni la mwili: ndani ya chakula hicho kuwe na nini ili misuli, damu na mishipa ya fahamu visidhoofu. La tatu ni la mazoea: ale vipi ili uzito usirudi. La mshono huisha baada ya wiki chache. Yale mawili mengine hayaishi, na ndiyo tunayoyapuuza zaidi.

Huduma tatu zinazochanganywa

Mitaani watu husema "kupunguza tumbo" au "kukata utumbo" kwa mambo yaliyo mbali kabisa. Puto, linalowekwa hata Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji. Mpira laini hupitishwa mdomoni hadi tumboni, hujazwa, na kwa kawaida hukaa humo kwa miezi 6 au zaidi kidogo, kisha huondolewa. Hapakatwi kitu. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu kikali, lakini hakuna mshono wa kulinda, kwa hiyo chakula kigumu hurudi mapema. Ushauri wa mwenye puto haumfai aliyekatwa.

Katika sliivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba unaobeba kama mililita 100 hadi 150. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayoamsha njaa. Ndiyo maana wengi hukaa miezi bila kusikia njaa, na mtu asiyesikia njaa husahau kula.

Baipasi, ambayo Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani aliianzisha mwaka 1966, huenda mbali zaidi. Hubaki kifuko cha takriban mililita 30, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko pamoja na kipande cha mwanzo cha utumbo, pale hasa ambapo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa. Aliyefanyiwa baipasi hula kidogo, na hata hicho kidogo hakifyonzwi chote.

Wanaohitaji huduma hizi hawatapungua karibuni. Utafiti wa afya na idadi ya watu Tanzania wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kenya, mwaka 2014, walikuwa asilimia 33. Si wote wanaofaa kupasuliwa, lakini idadi hiyo inaeleza kwa nini hospitali za Dar es Salaam na Nairobi zinaitangaza huduma hii, na kwa nini wenye uwezo huifuata India na Uturuki.

Polepole au haraka?

Utaratibu uliozoeleka hupanda kwa ngazi. Siku moja au mbili za kwanza ni maji, chai nyepesi isiyo na sukari na supu iliyochujwa. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vyenye lishe, hasa maziwa na mtindi mwepesi. Wiki ya tatu na ya nne ni rojo lisilo na mabonge. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vinavyopondeka kwa uma. Kisha mlo wa kawaida hurejea kwa kipimo kidogo.

Wanaotetea mwendo huu wa polepole wana hoja nzito. Jambo linaloogopwa kuliko yote ni kuvuja kwa mshono, na mara nyingi hutokea siku na wiki za mwanzo. Kuta za mfuko bado zimevimba. Tonge likikwama, mtu hutapika, na kutapika hukaza sehemu ambayo haijashikana. Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Urefu wa kila ngazi umejengwa zaidi juu ya uzoefu wa madaktari kuliko majaribio ya kulinganisha, na zipo hospitali zinazofupisha ngazi hizi hadi nusu. Miongozo ya kupona haraka baada ya upasuaji inaruhusu kunywa saa chache tu baada ya mgonjwa kuzinduka. Isitoshe, kukaa na vimiminika muda mrefu kunachosha. Mgonjwa huishia kwenye juisi na uji wa sukari, hupoteza misuli, na hufika wiki ya nne akiwa hoi.

Kwetu lipo jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haina sababu ya kulitaja: umbali. Mshono ukivuja kwa mtu anayekaa mitaa miwili kutoka hospitali aliyopasuliwa, ataonwa ndani ya saa moja. Ukivuja kwa mtu aliyekwisha kurudi Tunduru au Lodwar, au aliyeshuka kwenye ndege kutoka India wiki iliyopita, daktari anayemjua huenda yuko kilomita mia kadhaa mbali, kama si ng'ambo ya bahari. Kwake, subira ya wiki mbili zaidi kwenye rojo ni bei ndogo. Naye ajue dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja kuche: moyo kwenda mbio akiwa amepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kushindwa kuvuta pumzi vizuri.

Kwa hiyo, kwenye ugumu wa chakula, polepole inashinda. Kwenye lishe iliyomo ndani ya chakula hicho, hakuna sababu ya kuchelewa hata siku moja, na hapo ndipo hotpoti ya ndugu inapoingia matatani.

Uji, mtori na supu mbele ya mizani

Vyakula hivi vina sifa ambazo karatasi za wataalamu haziziheshimu vya kutosha. Ni laini, vinapatikana, ni rahisi, mgonjwa anavijua tangu utoto, na vimepikwa na mtu anayempenda. Mgonjwa aliyekata tamaa ya kula hunyanyua kijiko kwa sababu ya mkono uliompikia. Hilo lina uzito wake katika kupona.

Lakini tupime. Kiwango kinachopendekezwa kwa anayepona ni angalau gramu 60 za protini kwa siku, na wengi hushauriwa kufika 80. Kikombe cha mililita 250 cha uji mwepesi hutengenezwa kwa kama gramu 30 za unga wa mahindi. Ndani yake mna gramu 2 hadi 3 za protini. Ili afikishe 60 angelazimika kunywa vikombe zaidi ya 20, na huyu ni mtu ambaye mfuko wake haubebi hata kikombe kimoja kwa mara moja. Mtori wa ndizi haupishani sana na uji kama nyama ndani yake ni ya kunusia tu. Supu ya kongoro inaonekana nzito, lakini kinachoigandisha ni kolajeni, protini isiyokamilika ambayo peke yake haijengi misuli, na juu yake huelea mafuta yanayowachafua tumbo wengi waliopasuliwa.

Uji ukitiwa sukari, tatizo ni jingine. Kwa aliyefanyiwa baipasi, sukari nyingi hufika kwenye utumbo kwa kishindo na kuvuta maji kutoka kwenye damu. Ndani ya nusu saa hivi anatoka jasho, moyo unamdunda, tumbo linamkata, anaharisha. Madaktari huita hali hii dampingi. Ipo pia ile ya kuchelewa, inayokuja saa 1 hadi 3 baada ya kula: sukari ya damu inashuka ghafla, mtu anatetemeka na kuishiwa nguvu. Jirani anayemwona hapo humkimbilia na soda, na mzunguko huanza upya.

Gharama ya kukosa protini haionekani wiki ya kwanza. Mwili unaopungua kwa kasi hauchomi mafuta peke yake; unakula na misuli. Mtu anafurahia mizani huku mapaja yakimwishia nguvu za kupanda ngazi. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huanza kutoka kwa mafungu. Sehemu ya hilo ni mshtuko wa upasuaji wenyewe, na hujirekebisha, lakini upungufu wa protini na chuma hulifanya liwe baya na refu zaidi.

Basi hotpoti isifukuzwe wodini. Kibadilishwe kinachotiwa ndani, kwa kufuata ngazi aliyofika mgonjwa. Tuseme ni wiki ya tatu. Kipande cha changu kinachemshwa na chumvi kidogo, ndimu na tangawizi. Kinachambuliwa kwa vidole mara mbili, maana mwiba mmoja unatosha kuharibu siku, kisha kinapondwa na vijiko viwili vya mtindi na mchuzi wake hadi kiwe rojo. Mgonjwa anakula kwa kijiko cha chai, anatafuna hata kile kinachoonekana hakihitaji kutafunwa, anapumzika kati ya kijiko na kijiko, kwa dakika 20 hadi 30. Kwikwi ikimshika, pua ikaanza kuchuruzika au kifua kikabana, hiyo ndiyo shibe yake mpya, na anaacha hapohapo hata kama vimebaki vijiko viwili. Mama mkwe asimsihi amalizie.

Kopo la dukani au jiko la nyumbani

Mvutano mwingine ni kuhusu unga wa protini. Kijiko chake kimoja cha kipimo, kama gramu 30, hutoa takriban gramu 20 hadi 25 za protini kwenye ujazo mdogo, na katika wiki mbili za vimiminika ni vigumu kupata njia nyepesi kuliko hiyo. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni bei, na kwamba maduka mengi ya vifaa vya mazoezi huuza pia unga wa kunenepesha, wenye sukari tele, katika makopo yanayofanana. Asiyesoma kibandiko anaweza kununua kile alichopasuliwa ili akikimbie.

Je, jiko la nyumbani linaweza? Tujumlishe siku moja ya wiki ya nne: nusu lita ya maziwa ni gramu 16, gramu 50 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa humohumo ni 17, kikombe cha mtindi ni 8, mayai mawili yaliyopikwa laini na kupondwa ni 12, gramu 50 za samaki ni 10. Jumla ni 63. Asiyekula samaki wa bei atumie dagaa. Watolewe vichwa, waoshwe mchanga, wakaushwe juu ya kikaango, wasagwe na kuchekechwa. Gramu 20 za unga huo hutoa kama gramu 12 za protini, pamoja na kalsiamu ya mifupa. Baadaye choroko na maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda huingia, ingawa yana gesi na protini yake ni chache kwa kila kijiko.

Anayekataza maziwa ana sababu, ila ameikuza kupita kiasi. Watu wazima wengi wa Afrika hawamudu vizuri sukari ya maziwa, na baipasi huzidisha hilo. Mtindi, uliokwisha kuchachuka, huwakubali wengi ambao maziwa ya kuchemsha huwaharisha. Maziwa yajaribiwe kwa vijiko kabla ya kupigwa marufuku. Uamuzi wangu ni kwamba kopo lina kazi ya wiki mbili au tatu kwa anayeweza kulinunua, na asiyeweza asijione amekosa tiba.

Vidonge havina likizo

Hapa wataalamu hawagombani sana. Wanaogombana ni wagonjwa na mifuko yao. Upasuaji huu huacha deni la maisha: B12, ama vidonge vya mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku au sindano ya 1000 kila mwezi, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 iliyogawanywa mara mbili au tatu, vitamini D, na chuma, ambacho kwa mwanamke anayepata hedhi hufika miligramu 45 hadi 60. Utafiti uleule wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu hata bila kisu cha daktari. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na damu kidogo, kisha akarukishwa mahali chuma kinapofyonzwa, hawezi kujitetea kwa mchicha na maini peke yake.

Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki kwa kawaida vina chuma cha karibu kiasi hicho na ni rahisi, kwa hiyo visidharauliwe; kipimo cha damu ndicho kiamue. Chuma na kalsiamu vipishane kwa saa 2, na chai ya rangi ikae mbali na vyote viwili, maana huzuia chuma kufyonzwa. Kalsiamu ya kabonati ndiyo ya bei nafuu, lakini inahitaji asidi ya tumbo, na asidi hiyo sasa ni haba. Ya sitrati hufyonzwa vizuri zaidi na ni ghali zaidi. Asiyemudu ya pili ameze ya kwanza pamoja na chakula.

Kuna kirutubisho kimoja kisichongoja: thayamini, yaani vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo anaweza kufika wiki ya sita akiwa ameanza kuyumba, macho yanachezacheza, maneno yanampotea. Nyumbani watu husema amerogwa au ana malaria, anapelekwa zahanati ya jirani, anatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi bila thayamini huweza kumzidishia madhara ya ubongo, na mengine hayarudi nyuma. Familia ikariri sentensi moja ya kumwambia mhudumu kabla ya dripu kufunguliwa: huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ametapika siku kadhaa, apewe vitamini B1 kwanza.

Maji, na idadi ya milo

Lita moja na nusu kwa siku ndilo lengo la kawaida, kwa mafunda madogo. Kanuni ya kutokunywa wakati wa kula na nusu saa baada yake ushahidi wake si mzito sana. Hata hivyo ina mantiki, kwani mfuko mdogo ukijazwa maji hakuna nafasi ya protini, na kunywa juu ya chakula huwaletea wengi kichefuchefu. Kuifuata hakugharimu kitu. Soda iachwe, kwa gesi na kwa sukari. Pombe baada ya baipasi huingia kwenye damu kwa kasi kubwa, na wapo waliotumbukia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao kabla.

Kuhusu milo, miezi ya mwanzo milo midogo mitano au sita haikwepeki, kwa sababu nafasi haipo. Baadaye hapo ndipo kosa huzaliwa: mwili unaweza tena milo mitatu, lakini mkono umezoea kudokoa. Karanga, bisikoti, kashata na chai ya maziwa yenye sukari hupita kirahisi kwenye mfuko mdogo, bila kukwama na bila kushibisha. Uzito hurudi kwa njia hiyo mara nyingi zaidi kuliko kwa sahani kubwa.

Ramadhani inapokuta mshono mbichi

Kwa Waislamu wa pwani, Oman na Ghuba, swali hili halikwepeki. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kuacha na kulipa baadaye, lakini wengi huona aibu kufungua mchana wakati sura imepungua na watu wanamsifu kwa afya. Tufanye hesabu. Anayemudu nusu kikombe cha maji kila nusu saa anahitaji saa 6 kamili kufikisha lita moja na nusu, bila kula chochote katikati. Usiku wa futari hadi daku una kama saa 10, ndani yake mna tarawehe, usingizi na gramu 60 za protini. Katika miezi ya mwanzo haiingii. Wataalamu wengi hushauri kungoja angalau miezi 6, wengine mwaka, na anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari wake kwanza.

Atakapofunga, meza ya futari ndiyo mtihani: tende, tambi za sukari, kaimati, magimbi ya nazi, juisi ya ukwaju. Tende moja na maji, kisha samaki au mayai kabla ya kitu kingine chochote, na vitamu viachiwe wengine.

Ugali urudi?

Urudi, ila mwisho. Ugali, mkate laini na wali mkavu hujibana vikawa bonge na kukwama kwenye mrija mwembamba. Wengi huvishindwa kwa miezi kadhaa. Nyama ngumu ya ng'ombe na embe la nyuzi vina tabia ya namna hiyo, na nyuzi zisizotafunwa zinaweza kujikusanya na kuziba njia. Baada ya mwezi wa tatu au wa nne, tonge la ukubwa wa kidole gumba, likitanguliwa na samaki na mboga, halina kosa. Kumpiga mtu marufuku ya maisha kwenye chakula cha watu wake kunamtenga na sinia la familia, na aliyetengwa hula peke yake, kwa kujificha, vile visivyofaa.

Linalobaki lipo mikononi mwa hospitali. Karatasi ya mlo anayopewa mgonjwa mara nyingi imetafsiriwa kutoka kwingine, imejaa jibini la maji na siagi ya lozi, na ndugu anayepika hajawahi kuiona. Iandikwe upya kwa Kiswahili, kwa vyakula vya soko la hapa na vipimo vya kijiko na kikombe, isomwe mbele ya yule atakayeshika mwiko, na chini yake ziwekwe tarehe za kupima damu: mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Upungufu wa B12 unaweza kujificha miaka kadhaa kabla ya ganzi kuanza miguuni, na huo hauonekani kwa kupanda mizani.